Mashine ya mkononi kwa gemu za visa na mafumbo: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Anayetafuta mashine ya kuchezea mbio au mpira huuliza nguvu ya prosesa. Kwa gemu za visa na mafumbo, swali hilo liweke pembeni. Hapa unasoma mazungumzo marefu, unachora jibu, unakwama, unaizima mashine, unairudia usiku. Vya kukagua ni vitatu: kioo unachoweza kukisomea nusu saa bila kukunja uso, namna ya kuingiza jibu (kidole, kalamu au vitufe), na kama mashine inalala mara moja na kuamka palepale ulipoishia.

Jingine la kujua mapema ni lugha. Gemu za mifululizo ya Layton (mafumbo) na Ace Attorney (kesi za mahakamani) zimejaa Kiingereza cha utani na maneno yenye maana mbili; anayekisoma kwa kusuasua atashindwa na lugha kabla hajafika kwenye fumbo. Gorogoa haina mazungumzo wala maandishi ya kusoma, Picross, fumbo la kujaza miraba kwa kufuata namba, inataka uzijue namba tu, na Captain Toad haihitaji kusoma sana.

1. Nintendo Switch Lite (2019)

Kioo cha inchi 5.5, uzito wa takriban gramu 275, na kitufe cha mwelekeo chenye umbo la msalaba ambacho Switch ya kawaida haina. Msalaba huo una kazi kubwa kuliko unavyofikiri. Kwenye Picross S au Baba Is You unasogea mraba mmoja mmoja, na kijiti cha kuongozea kwa dole gumba kinachoteleza mraba wa ziada kinavuruga hesabu yote.

Baba Is You (2019) ndiyo gemu ya kwanza ya kuweka humo. Sheria zake ni vipande vya maneno vilivyolala uwanjani: ukisukuma kipande kimoja na kuivunja sentensi inayosema ukuta ni kizuizi, unapita ukutani. Unaweza kurudisha hatua nyuma kadiri utakavyo, kwa hiyo kujaribu hakuna adhabu. Kwa mpenda kusoma, Ace Attorney Trilogy ina kesi 14 kwa ununuzi mmoja, na Ghost Trick ilitolewa upya mwaka 2023.

Return of the Obra Dinn inahitaji tahadhari. Kazi yako ni kutambua majaliwa ya watu 60 wa meli moja, na gemu inathibitisha majibu matatumatatu, hivyo kubahatisha hakukufikishi mbali. Ila maandishi yake kwenye inchi 5.5 yanaumiza macho. Ingia kwenye mipangilio ya mashine, washa ukuzaji wa kioo, kisha bonyeza HOME mara mbili kila unapotaka kusogeza karibu. Kama macho yako yanachoka haraka, nunua Switch OLED yenye inchi 7 na ukubali kuukosa ule msalaba.

Ugonjwa wa Switch unajulikana: kijiti kinajisogeza bila kuguswa, kwa sababu sehemu za ndani zinazosuguana zimelika. Kabla ya kulipia iliyotumika, fungua mipangilio ya vidhibiti, nenda kwenye urekebishaji wa vijiti, kisha ondoa kidole. Alama ikicheza yenyewe, mashine ni mgonjwa. Kwenye Lite kijiti hakichomoki, kwa hiyo kukibadilisha ni kuifungua mashine nzima.

Soma pia maganda ya gemu. Yapo yanayosema wazi kuwa sehemu ya gemu lazima ipakuliwe, na hifadhi ya Lite ni GB 32 tu, kwa hiyo weka bajeti ya kadi ya microSD. Switch 2 (2025) ina kioo kizuri cha inchi 7.9, lakini inataka microSD Express, na baadhi ya kadi zake za gemu ni ufunguo tu: ndani hamna gemu, unaipakua. Kwa aina hii ya gemu, gharama hiyo haina haja.

2. Nintendo 3DS XL au New 3DS XL, iliyotumika

Kwa mafumbo matupu, hii ingekuwa ya kwanza. Imeshushwa kwa sababu haitengenezwi tena tangu 2020 na duka lake la mtandaoni liliacha kuuza tarehe 27 Machi 2023, hivyo gemu zilizouzwa humo tu, kama Pushmo, hazinunuliki tena. Nguvu yake ni kwamba inasoma kadi za DS, mashine ya Nintendo iliyoitangulia, na huko ndiko hazina ilipo: mfululizo wa Layton, Hotel Dusk, Picross 3D, Phantom Hourglass. Kioo cha chini kinahisi mgandamizo, kwa hiyo ncha nyembamba ya kalamu inaandika namba vizuri.

Gemu za DS zinatokea na ukungu kidogo kwa sababu picha inatanuliwa. Shikilia START au SELECT unapoifungua gemu mpaka ianze; picha itakuwa ndogo lakini kali. Maandishi ya Layton yanasomeka vizuri zaidi hivyo.

Ukaguzi wa dukani hauchukui muda:

- Fungua na ufunge taratibu. Kioo cha juu kikipepesa, waya bapa unaopita kwenye bawaba umeanza kukatika.
- Kwenye skrini ya mwanzo bonyeza L, kisha R. Kila kimoja kinapaswa kuita kamera, kisipoita, kimekufa.
- Fungua daftari la mashine, chora mistari kutoka pembe hadi pembe. Mstari ukikatika, kioo cha kugusa kimechoka.
- Jaribu maikrofoni kwa gemu inayoitumia. Phantom Hourglass inakutaka upulize, na pia ufunike mashine ili alama ihamie kwenye ramani. 2DS bapa ya 2013, ndugu ya 3DS, haikunjwi. Swichi yake ya kulaza ndiyo inayoshika nafasi hiyo.
- Tazama mgongo. Ukiwa umevimba, ni betri.

Kadi za 3DS zimefungiwa kanda, yaani hucheza kwenye mashine za kanda zilikouzwa tu; kadi za DS za kawaida hazijafungiwa. Kadi feki za DS ni nyingi, na nyingi hucheza vizuri hadi siku zinapopoteza kumbukumbu. Hifadhi mchezo, zima, chomoa kadi, irudishe, uone kama umebaki ulipokuwa.

3. Simu uliyonayo

Monument Valley, The Room, Gorogoa na Baba Is You zote zipo, na Gorogoa inapendeza zaidi kwa kidole. Tatizo ni uhai wa programu: iOS 11 ilipotoka mwaka 2017, programu za zamani za biti 32 zisizosasishwa ziliacha kufunguka, hata zilizolipiwa.

4. Steam Deck (2022)

Hii inacheza gemu za kompyuta za duka la Steam. Gemu ni tele, ila mashine ina takriban gramu 670 na gemu nyingi zimeandikwa kwa kioo cha kompyuta. Angalia alama ya ulinganifu ambayo Steam huipa kila gemu kabla ya kuinunua. Yenye rangi ya njano mara nyingi inaonya kuhusu maandishi madogo. Inunue kama una gemu za kompyuta tayari.

Usinunue

Mashine za bei ya chini zinazotangazwa kuwa na maelfu ya gemu ndani. Gemu zenyewe kwa kawaida zimenakiliwa bila idhini, na kwa DS zinaharibu kitu chenyewe: vioo viwili vinabanwa kwenye kimoja, kalamu inageuzwa kishale kinachosukumwa na kijiti, na pale fumbo linapotaka ufunike mashine, huna kifuniko, unabaki kutafuta kwenye menyu chaguo ambalo muuzaji hakulieleza.