Trei ya keki: pima kitako kabla ya kutoa hela

Kila msimu wa sikukuu malalamiko ni yaleyale. Keki imefurika, chini ya oveni kumejaa mabaki yaliyoungua, juu pamepasuka na katikati bado pabichi. Lawama huangukia oveni, mara mayai, mara aliyeandika mapishi. Wengi hawaitazami trei yenyewe, ile iliyobandikwa karatasi ya "sentimita 23" wakati haina 23 popote inapohusika keki.

Namba hiyo hupatikana hivi: muuzaji anapima kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, na mkunjo wa mdomo anauhesabu humo humo. Ukipima kwa ndani, mdomo una 22. Ukuta nao umelala, kwa hiyo kitako kina 20 tu. Kina kilichotarajiwa kuwa 5 ni 4.5. Trei ya duara ya 23 halisi, yenye kina cha 5 na ukuta wima, hubeba mililita 2,080 hivi. Hii uliyouziwa hubeba kama 1,560. Umelipia trei nzima, robo yake haipo.

Mchanganyiko wa keki ukikusudiwa kujaza theluthi mbili za trei ya 23, ni kama mililita 1,390. Umimine kwenye hiyo ya 1,560 uone: imekaribia kujaa, na keki haijaanza hata kuumuka. Ukipunguza moto ili isifurike, inakauka pembeni. Ukiipandisha moto, ngozi ya juu inaganda mapema, kisha mvuke unaipasua. Wakati wa matunda ya msimu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu vipande vya matunda vinaongeza ujazo na maji bila kusaidia keki kuumuka.

Basi ukienda kununua, beba rula. Isimamishe wima kitakoni, ukingo wake uguse sehemu ya chini ya ukuta kwa ndani. Ikigusa ukuta kuanzia chini hadi juu, ukuta ni wima. Ukiona mwanya unaopanuka kadiri unavyopanda, trei imelala. Angalia pia pale kitako kinapokutana na ukuta. Kona iliyoviringwa sana nayo inakula ujazo. Ukinunua mtandaoni, uliza vipimo vitatu: mdomo kwa ndani, kitako kwa ndani, kina kwa ndani. Akikujibu "ni size ya kawaida dada", tafuta muuzaji mwingine.

Mambo ya rangi na urembo sitayagusa, kila mtu ameshayasikia. Nitakazozipanga hapa ni zile zinazosema ukweli kuhusu ujazo.

Ya kwanza, na sioni ya kushindana nayo, ni ya kampuni ya Fat Daddio's, ya alumini. Ukuta wake ni wima, kitako na mdomo vinalingana, na unachagua kina: inchi 2, 3 au 4. Kwa keki ya nyumbani inchi 2, yaani sentimita 5, inatosha; ya 3 ni kwa keki nzito inayookwa muda mrefu. Ukipanga tabaka mbili, pande zinalingana bila kukatakata wala kuziba mapengo kwa krimu. Haina mpako wa kuzuia kunata, kwa hiyo paka mafuta na uweke karatasi kitakoni. Ioshe kwa mkono, maana sabuni kali za mashine ya kuoshea vyombo huiharibu sura.

Ya pili, Nordic Ware, hasa kama unataka keki yenye tundu katikati. Trei hizo zina mifereji na mapindo, rula haisaidii kitu, na hapo ndipo kampuni hii inapostahili sifa: inataja ujazo kwa vikombe. Ya vikombe 10 vya Marekani ni lita 2.4 hivi. Usijaze zaidi ya robo tatu. Paka mafuta kwa brashi mpaka ndani ya kila mfereji, la sivyo nusu ya keki inabaki humo.

Ya tatu ni ile ya kufunguka pembeni kwa kibano, ya kampuni yoyote. Ukuta wake kwa kawaida ni wima, lakini kitako huvuja mchanganyiko ukiwa mwepesi, kwa hiyo weka trei bapa chini yake.

Kioo, kama cha Pyrex, ni kizuri kwa vyakula vya kuoka na kupeleka mezani. Kwa keki, kinachelewa kupata moto na kinachelewa kupoa. Punguza nyuzi 15 za Selsiasi, na usikitoe kwenye friji kukiingiza moja kwa moja kwenye oveni ya moto.

Za bati jepesi za bei ya chini: zinapinda zikipata moto, keki inaegemea upande. Silikoni inayumba, na keki haipati rangi ya kahawia vizuri.

Halafu kuna zile seti za trei tatu zinazoingiana. Unalipia tatu, unatumia moja, na zile mbili zinakaa kabatini miaka. Kina hakitajwi popote, ila chini kabisa kuna maandishi madogo kwamba "vipimo vinaweza kutofautiana kidogo". Robo ya trei ni kidogo? Muuza maziwa akikupunjia robo lita mnagombana hapo hapo.

Kama trei ya namna hiyo tayari unayo, usiitupe. Iweke juu ya mizani ya jikoni, rudisha namba kwenye sifuri, ijaze maji hadi mdomoni. Kila gramu ni mililita moja. Yenye kitako cha kutoka itandikie kwanza mfuko wa plastiki. Kisha gawanya ujazo huo kwa ujazo wa trei iliyotajwa kwenye mapishi: ya duara ya 20 kwa kina cha 5 ni 1,570, ya mraba ya 20 ni 2,000, karibu sawa na ile ya duara ya 23. Kwa trei yetu, 1,560 kwa 2,080 ni 0.75. Zidisha kila kiungo kwa namba hiyo. Mapishi ya mayai manne yanakuwa ya mayai matatu, unga gramu 240 unakuwa 180, na keki unaanza kuichungulia dakika kumi mapema.