Dizeli ya bei ya kutupa yenye injini mbovu: ipi uchukue, ipi uiache

Kila mara kuna mtu ananionyesha picha kwenye simu: Surf, Prado ya zamani, Hilux, Hiace. Bei iko chini kwa milioni saba au nane kuliko wenzake, na dalali anasema ina tatizo dogo, fundi anamaliza kwa siku moja. Sasa kama ni kazi ya siku moja, mwenye gari ameshindwaje kumwita huyo fundi akauza kwa bei kamili? Wakati mwingine jibu lipo la kweli, hela imemwishia au amechoka nalo. Mara nyingi fundi alishaitwa.

Mimi ubovu wa dizeli naugawa mara mbili. Wa nje ni umeme, hewa na mafuta: unalipa ukijua unalipia nini. Wa ndani ni maji, oili na mgandamizo, na gharama yake haijulikani mpaka injini ifunguliwe. Hapa chini naanza na gari ambalo ningelichukua, namalizia na lile ambalo hata bure ningelifikiria.

1. Linalosumbua kuwaka asubuhi
Injini za kizamani za Toyota kama 3L, 5L na 1HZ zinategemea sana hita plagi, vijiti vya umeme vinavyopasha silinda joto kabla ya kuwasha. Ukiona linatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, kisha linatulia baada ya muda mfupi, mara nyingi ni hita au relei yake. Hapo punguza bei, ulipe. Ila dalili hiyohiyo hutokea mgandamizo ukishuka, kwa hiyo fundi afungue hita, aweke geji ya kompresheni kwenye matundu yake na apime silinda zote. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, gari hilo limeshuka mpaka namba 6.

2. Moshi mweusi, kilima kinalishinda
Dizeli ni nyingi au hewa ni kidogo. Angalia kichujio cha hewa na mpira uliopasuka wa tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini), kisha nozeli zinazopuliza dizeli kwenye silinda. Kwenye pampu ya kizamani, mafundi wa pampu hupima nozeli kwenye mashine na kubadilisha ncha tu. Nunua.

3. Tabo inayovuja oili
Inanunulika, ila usiliendeshe hivyo kurudi nyumbani. Tabo ikimwaga oili nyingi kwenye njia ya hewa, injini huanza kuunguza oili yake yenyewe, inapanda mizunguko na kuzima ufunguo hakusaidii. Kwenye gia za mkono, kanyaga breki, weka gia kubwa, uachie klachi mpaka izimike.

4. D-4D yenye kelele za nozeli
Hapa watu wengi huumia. D-4D ni dizeli za kisasa zaidi za Toyota; injini zake za 1KD na 2KD zinasukuma dizeli kwa zaidi ya bar 1,000, na nozeli zake ni za umeme, ghali, hazitaki uchafu wala maji. Mafuta ya taa ndiyo sumu yake, kwa sababu dizeli ndiyo inayolainisha pampu. Waliokuwa barabarani enzi za kuchakachua dizeli kwa mafuta ya taa wanaelewa. Mwambie fundi apime marejesho, yaani kila nozeli imwage kwenye chupa yake. Inayorudisha nyingi kuliko wenzake imechoka.

Kwenye 1KD kuna jambo baya zaidi. Washa za shaba chini ya nozeli zikivuja, masizi huingia kwenye oili, yanaganda na kuziba chujio lililo ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Injini inakosa oili, inanoki, yaani inagonga kwa ndani. Kabla ya kulipa, toa gharama ya kushusha sampu ulione chujio hilo kwa macho. Muuzaji akikataa, umepata jibu kwa bei rahisi.

5. Lililowahi kuchemsha
Prado na Surf za 1KZ ni maarufu kwa kupasuka silinda hedi zikichemsha. Muuzaji atasema ni gasketi tu. Huenda, lakini wewe piga hesabu ya hedi nzima. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi kabisa, iwashe, utazame. Mapovu yasiyokoma, au mpira wa juu kuwa mgumu kabla maji hayajapata moto, ni gesi ya ndani ya silinda inaingia kwenye maji. Angalia pia kifuniko cha oili: rangi ya chai ya maziwa ni maji. Weusi wa oili usikutishe, ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kumwagwa.

6. Linalohema au kunoki
Injini ikiunguruma taratibu, geuza kifuniko cha oili ukiweke juu ya tundu lake. Kikirukaruka na moshi kutoka kwa nguvu, ringi au silinda zimekwisha. Bei yake ni ya bodi, gia boksi na kadi. Toa gharama ya injini ya mtumba, kuifunga, na oili; kinachobaki ndicho unachotaja. Tuseme zima linauzwa milioni 25 na injini pamoja na kuifunga ni 7: ukipewa kwa 17 umeokoa milioni moja, na gari limelala gereji wiki kadhaa. Kwa 12 tunaweza kuzungumza.

7. Injini iliyofunguliwa, iko kwenye gunia
Hapana. Hujui nini kimepungua humo, na aliyeifungua hayupo tena.

Siku ya kwenda, mwambie muuzaji asiliwashe. Ukifika, gusa boneti kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ya moto, omba urudi kesho alfajiri. Kisha linganisha namba ya injini kwenye bloku na ile ya kwenye kadi. Magari mengi ya kundi hili yameshabadilishwa injini, na mabadiliko yakiwa hayajaandikishwa, usumbufu wa kuyaandikisha unahamia kwako siku ya kubadili umiliki.