Tübingen kwa siku moja: uzoefu wangu na mtumbwi wa upondo

Niseme mapema kwamba mimi ni mtoto wa Rabai, karibu na Mombasa, kwa hiyo nilikwenda Tübingen, mji wa kusini mwa Ujerumani, na jambo langu moyoni. Wenzangu wanne walifuata mtumbwi na picha. Mimi nilitaka kuona alikotoka Krapf, yule mmishenari aliyefika Mombasa mwaka 1844, akahamia kwetu Rabai, na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa 1882 yeye mwenyewe keshafariki. Alizaliwa 1810 Derendingen, kijiji ambacho siku hizi ni mtaa wa Tübingen.

Tulitoka Stuttgart Jumamosi asubuhi, watu watano kwa tiketi moja ya siku ya jimbo la Baden-Württemberg. Kwa sisi wa mfuko mwembamba hiyo ndiyo dawa: inabeba hadi watu watano kwenye treni za kawaida (zile za kasi msizipande), na wikendi hamngoji saa tatu asubuhi kama siku za kazi. Mwendo ni kama saa moja. Ila majina yenu yaandikwe kwenye tiketi. Sisi tulikumbuka kondakta akiwa viti viwili nyuma yetu, tukaanza kugombania kalamu.

Kutoka stesheni mnatembea kidogo tu mnafika daraja la mto Neckar, na nyumba zile za rangirangi mnazoziona kwenye kila picha ya mji huu zimejipanga ukingoni. Mitumbwi inapandiwa karibu na mnara wa manjano wa Hölderlin. Wenyewe wanaiita Stocherkahn: mirefu, myembamba, bapa chini. Abiria mnakaa kandokando mkitazamana, na nahodha anasimama tezi akisukuma kwa upondo. Naam, upondo uleule. Mwenzetu wa Rufiji alipouona alicheka hadi akashika magoti. "Yaani nimelipa nauli kuja kutazama kazi ya babu yangu!"

Nahodha wetu alikuwa mwanafunzi, kijana mcheshi, na alijua habari za watu wa mji wake. Hölderlin, mshairi, aliishi kwenye ule mnara miaka 36 akili ikiwa imemtoka, akitunzwa na familia ya fundi seremala hadi alipofariki 1843. Ujanani alikuwa amekaa chumba kimoja na wanafalsafa Hegel na Schelling, wote wakisomea theolojia hapohapo. Kepler, mtaalamu wa nyota, naye alisoma chuo kikuu cha hapa, kilichoanzishwa 1477. Kisha akatusimulia mashindano ya mitumbwi ya kila mwaka, ambapo timu ya mwisho hunyweshwa mafuta ya samaki, nusu lita kila mtu. Nikamuuliza: na Krapf? "Nani?" Nikamtajia herufi moja moja. Hakuwa amemsikia.

Tulipofika penye maji matulivu, yule wa Rufiji akaomba upondo. Akapewa. Akaukita kwenye tope vizuri kabisa, akasukuma, kisha akasahau kuuzungusha kidogo kabla ya kuuchomoa. Mtumbwi ukaenda, upondo ukabaki umesimama katikati ya mto kama mlingoti wa bendera. Bahati aliuachia, la sivyo tungemwacha naye ananing'inia. Nahodha hakushtuka hata kidogo. Alitoa kafi fupi chini ya benchi akaturudisha kinyumenyume kuufuata, na watu wa mtumbwi wa jirani wakatupigia makofi.

Mtumbwi naupa nyota tano. Bebeni pesa taslimu, maana wetu hakupokea kadi, na mwenzetu mmoja aliyezoea kulipa kwa simu bado namdai shukrani.

Chakula cha mchana nakipa mbili. Tuliagiza Maultaschen, kitu kama sambusa kubwa iliyochemshwa badala ya kukaangwa. Kwa kawaida ndani huwa na nguruwe, kwa hiyo wawili wetu wakaomba za mboga, wakaitikiwa vizuri, na baada ya karibu saa nzima zikaja za nyama. Wakaishia kula viazi. Kahawa nayo tuliinunua ya kutembea nayo, tukakuta bei imepanda: mji huu tangu 2022 unatoza kodi ya senti 50 kwa kila kikombe cha kutupa. Sikulalamika, ila mngenijulisha ningebeba changu.

Ngome ya mji iko juu, mawe matupu njia nzima, viatu vya kisigino viacheni nyumbani. Jiko lake la zamani liligeuzwa maabara, na humo ndimo mwanasayansi Friedrich Miescher alipoitambua mwaka 1869 ile dutu ambayo leo tunaiita DNA. Kuna pia kifarasi cha pembe ya mamothi (tembo wa kale mwenye manyoya), kimechongwa miaka kama 40,000 iliyopita, na kinaenea kiganjani kwa mtoto. Wenzangu walikipita. Mimi nilikizunguka mara tatu.

Jioni, wao wakiwa kwenye aiskrimu, mimi na yule wa Rufiji tukapanda treni kituo kimoja hadi Derendingen. Nilikuwa na dakika 40 tu. Nyumba tulivu, baiskeli, paka dirishani, duka la mikate limefungwa. Nikapiga picha kibao cha stesheni nikamtumia mama Rabai, nikamwandikia: hapa ndipo kwao Krapf.

Akajibu baada ya muda: "Mbona hapana minazi?"