Hatua Saba: tathmini ya namna jumuiya zetu zinavyosoma Injili

Katika parokia nyingi za Kikatoliki za Tanzania na Kenya, Mkristo aliyekwisha kupata Kipaimara na kufunga ndoa hana darasa jingine la dini linalomngoja, isipokuwa jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwake, ambako majirani hukutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao. Waraka wa Papa Yohane Paulo wa Pili kuhusu katekesi, yaani mafundisho ya imani, uitwao Catechesi Tradendae, ulitamka tangu mwaka 1979 kwamba katekesi ya watu wazima ndiyo namna kuu ya katekesi, na ukiupima wajibu huo kwa hali ya mitaa yetu utaona kwamba sehemu kubwa yake imeangukia jumuiya. Ninayoitathmini hapa ni njia inayotumiwa zaidi katika mikutano hiyo, yaani Hatua Saba za kushirikishana Injili. Nimeishiriki kama mwanajumuiya na kuiongoza kama mwezeshaji, na ninaithamini kuliko njia nyingine yoyote ninayoijua ya kumpa kila mtu mzima nafasi ya kusema, mradi kanuni zake zishikwe na isidaiwe kufanya kazi isiyo yake.

Hatua Saba zilitoka katika Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ambako mapadri wawili Wajerumani, Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, ambao baadaye wote walipewa uaskofu, waliandaa vitabu vya kuwafunza walei kuongoza wenyewe. Walikuwa wakishughulikia maparokia ambamo padri mmoja ana vigango vingi, na waamini hukaa muda mrefu bila kumwona. Hali hiyo inajulikana vizuri huku kwetu. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa mwaka 1976 jijini Nairobi, walikwisha kuamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, na jumuiya hizo zilihitaji njia ya kusoma Maandiko isiyomtegemea mtaalamu.

Mpangilio wenyewe ni rahisi kukumbuka. Wanajumuiya humkaribisha Bwana kwa sala, husoma somo, kisha kila mmoja huchagua neno au fungu fupi lililomgusa na kulitamka kwa sauti mara tatu, akiacha kimya kidogo kila mara. Hufuata kimya cha dakika chache. Katika hatua ya tano watu hushirikishana kile walichosikia moyoni, katika ya sita hujadili kazi ambayo jumuiya inaitwa kuifanya, na katika ya saba husali kwa maneno yao wenyewe.

Tuchukue Injili ya Bartimayo, Marko 10:46-52, inayosomwa Dominika ya 30 ya Mwaka B, yaani mwaka wa pili katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa. Mzee mmoja atatamka, “Jipe moyo; inuka, anakuita.” Mama aliye karibu naye atachagua, “Wataka nikufanyie nini?” na kijana atachagua habari ya vazi lililotupwa. Hakuna aliyeeleza chochote bado, lakini somo zima limekwisha kupita masikioni mwa watu mara kadhaa, na hata asiyejua kusoma ameshika sehemu yake, kwa kuwa anachotakiwa kufanya ni kurudia alichokisikia. Nimewaona watu ambao katika mkutano wa kawaida hawafumbui kinywa wakitamka fungu lao kwa uthabiti, na baada ya hapo hatua ya tano haiwi ngumu kwao. Kwa kipimo cha elimu ya watu wazima, hatua ya tatu ni hazina, nami huumia kila inapofanywa haraka kwa sababu chakula kinapoa au watu wanataka kuwahi nyumbani.

Kanuni inayovunjwa zaidi ni ile inayokataza mjadala katika hatua ya tano. Mtu husema kwa niaba yake mwenyewe, wala hajibiwi, hasahihishwi, wala hafanywi mada ya mahubiri. Mwenyekiti au mwalimu mstaafu anayetoa maelezo ya dakika kumi juu ya alichosema jirani yake huwa amewanyamazisha wote waliosalia, hata kama maelezo hayo ni sahihi. Mwezeshaji anahitaji ujasiri wa kumwambia kwa heshima, “Mzee, tunakushukuru, hilo tutalizungumza katika hatua ya sita,” na ujasiri huo haupatikani bila semina. Parokia inayogawa kadi za Hatua Saba bila kuwaandaa wawezeshaji imetoa nusu ya huduma.

Hatua ya sita ndiyo mahali halali pa majadiliano, na ndiyo dhaifu kuliko zote katika utekelezaji. Ilikusudiwa jumuiya iulize ni nani kati ya majirani anayeketi kando ya njia kama Bartimayo, kisha iamue nani ataenda kwake, lini, na kufanya nini. Mara nyingi nafasi hiyo humezwa na matangazo ya zaka, michango ya ujenzi na ratiba ya zamu ya usafi. Mambo hayo ni ya lazima, lakini yasubiri hadi sala ya mwisho imekwisha. Katika jambo hili jumuiya za Kenya zina msaada mzuri: vijitabu vya Kampeni ya Kwaresima vinavyotolewa kila mwaka chini ya Baraza la Maaskofu, ambavyo hufuata mpango wa kutazama, kupima na kutenda uliotokana na kazi ya padri Mbelgiji Joseph Cardijn miongoni mwa vijana wafanyakazi. Kila wiki ina kisa kuhusu jambo la jamii, na baada ya kusoma kisa hicho ni vigumu kikundi kukwepa swali la hatua ya kuchukua.

Kuna upungufu ambao njia hii haiwezi kuuponya yenyewe. Haifundishi mafundisho ya imani kwa mpangilio. Mtu anaweza kuhudhuria kwa miaka mingi na bado asiweze kumjibu mwanawe anayeuliza kwa nini tunaungama kwa padri, na mtu akielewa somo vibaya, kanuni ya kutosahihishana humwacha na kosa lake. Alpha, kozi iliyoanzia katika kanisa la Kianglikana la Holy Trinity Brompton jijini London, imepangwa kwa namna tofauti: watu hula pamoja, husikiliza mada, kisha hujadili, na mwenye mashaka huruhusiwa kuyaeleza yote. Kwa mtu aliye nje ya Kanisa au anayerudi baada ya muda mrefu, ningemshauri aanze na kozi ya aina hiyo. Hatua Saba zinamchukulia kila aliyekuja kuwa ni mtu anayesali.

Mahudhurio nayo yanahitaji kuangaliwa. Katika jumuiya nilizozifahamu akina mama ndio wengi, wanaume huja kwa uchache, na vijana huwa hawaonekani kabisa mkutano unapowekwa saa za kazi au za masomo. Kosa hilo ni la ratiba na linarekebishika.

Kwa paroko au baraza la walei linalofikiria kuanza, ningependekeza majuma matatu ya mwezi yatumike kwa Hatua Saba juu ya Injili ya Dominika inayofuata, na juma la nne liachiwe katekista afundishe sura moja ya katekisimu na kujibu maswali yaliyokusanywa tangu mwanzo wa mwezi. Gharama ni Biblia chache, kadi moja yenye hatua hizo kwa kila mshiriki, na siku mbili za kuwafunza wawezeshaji, angalau wawili kwa kila jumuiya, ili mmoja akisafiri mkutano usirudi kuwa rozari na matangazo peke yake.