Rangi halisi za nyota kwenye picha za bendi nyembamba: ununue nini kwanza

Katikati ya Nebula ya Rosette, wingu la gesi angani, kuna kundi la nyota liitwalo NGC 2244. Ni nyota changa, zenye joto kali, za buluu. Katikati yao imekaa 12 Monocerotis, nyota ya manjano ambayo si ya kundi lile, ila iko mbele yake kwa upande wetu. Nilipopiga eneo hilo kwa filta za bendi nyembamba, nyota zote zilitoka majenta, rangi moja kama shanga za uzi mmoja. Nilikesha siku nyingi nikihangaika na programu, nikidhani dawa iko humo. Haikuwamo, na ndiyo maana naandika mwongozo huu.

Filta ya haidrojeni hupitisha mwanga wa nanomita 656.3, ya oksijeni 500.7, ya salfa karibu 672, tena kwa upenyo mwembamba ambao mara nyingi ni nanomita 3 hadi 7. Nebula hung'aa hapo hapo, lakini nyota hutoa mwanga wa rangi zote, na sehemu kubwa ya mwanga huo huishia nje ya filta. Kwenye mpangilio wa Hubble salfa huwa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Kwa kuwa haidrojeni kwa kawaida huzizidi nguvu zile mbili, tunazipandisha ili nebula isimezwe na kijani. Nyota nazo hupandishwa humo humo, na nyekundu ikikutana na buluu huzaa majenta. Kwa hiyo umanjano wa 12 Monocerotis haujafichwa mahali fulani kwenye faili. Haukuwahi kuingia kwenye kamera.

Namba moja: seti ya filta za RGB, yaani nyekundu, kijani na buluu. Kama una kamera isiyo na rangi (inayopiga nyeusi na nyeupe tu), pesa yako ya kwanza iende hapa, na sisiti kusema hivyo. Nyota hazihitaji muda mrefu: fremu 20 za sekunde 30 kwa kila filta ni dakika 30 jumla, kazi ya kipande kidogo cha usiku. Ufupi huo ni faida, kwa sababu pikseli ikishajaa kwenye rangi zote tatu, kitovu cha nyota huwa cheupe na hakirudi. Ukiona nyota angavu bado zimejaa, shuka hadi sekunde 10.

Kabla ya kulipa, angalia mambo matatu. Kwanza, kipenyo na unene vilingane na filta ulizonazo. Unene ukitofautiana, fokasi itahama kila ukibadilisha filta. Pili, hesabu nafasi za gurudumu la filta: RGB pamoja na haidrojeni, oksijeni na salfa ni sita, na gurudumu la nafasi tano halitoshi. Hili huwashtua wengi baada ya kununua. Tatu, tafuta picha za nyota angavu zilizopigwa kwa filta hizo hizo, uone kama zina duara la ukungu pembeni, maana filta hafifu hujulikana hapo. Seti nyingi huacha pengo kati ya kijani na nyekundu ili kuzuia mwanga wa taa za sodiamu. Anayepiga picha mjini atashukuru.

Namba mbili: programu ya kutenganisha nyota na nebula. Utahitaji kuondoa nyota za majenta na kuweka zile za RGB. Anza na StarNet, ni ya bure, na Siril, nayo ya bure, inaweza kuitumia na pia kusawazisha rangi za nyota kwa kulinganisha na katalogi. PixInsight ni ya kulipia na ina nguvu zaidi, lakini haitakupa rangi ambayo hukuipiga. Siku ya kuziunganisha, ng'arisha nyota kwa upole. Ukizivuta sana zinageuka nyeupe na kazi yote ya RGB inapotea.

Namba tatu: kamera ya rangi. Kama tayari unayo DSLR (kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi), itumie kwenye darubini hiyo hiyo kwa fremu fupi za nyota, inafaa kabisa. Kununua mpya kwa ajili ya nyota tu sishauri, kwani utaanza kupatanisha ukubwa wa pikseli na mzunguko wa picha mbili tofauti.

Namba nne: filta ya bendi mbili kwa kamera ya rangi. Ni nzuri kwa nebula. Nyota zake huvumilika, zingine zikielekea wekundu na zingine samawati, lakini manjano safi usitarajie: filta ina madirisha mawili tu.

Ya mwisho: zana za kulipia za kufuta majenta. Usinunue. Kazi hiyo unaweza kuifanya bure: geuza picha iwe negativu, ondoa kijani, kisha igeuze tena. Majenta inatoweka kweli. Niliifanya kwenye ile Rosette, na 12 Monocerotis ikatoka kijivu sawasawa na jirani zake wa buluu.