Mafunzo ya Kurithisha Biashara ya Familia: Yametufaa

Nilihudhuria mafunzo haya ya siku mbili jijini Dar es Salaam pamoja na binti yangu, atakayelishika duka letu la vitambaa Kariakoo. Kilichonigusa zaidi ni somo la kumkabidhi mrithi mamlaka kidogo kidogo, kuanzia daftari la madeni, kisha mazungumzo na wauzaji wa jumla, hadi saini ya benki, huku mzazi akijizuia kumsahihisha mbele ya wateja (jambo ambalo mimi nimelikosea mara nyingi). Mwezeshaji alifafanua pia kwamba jina la biashara lililosajiliwa BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara) halitengani kisheria na mmiliki wake, ilhali kampuni huendelea kuwapo hata baada ya kifo cha mmiliki. Mirathi ilipewa saa moja tu, muda usiotosha kabisa.