Kolibri darasani: programu nzuri inayomhitaji mkuu wa shule mwenyewe

Kolibri ni programu huria ya kujifunzia bila intaneti. Imetengenezwa na shirika la Learning Equality, ikatolewa mwaka 2017 kuchukua nafasi ya mtangulizi wake, KA Lite. Haina malipo. Unaisakinisha kwenye kompyuta moja, unaijaza video, vitabu, mazoezi na majaribio ya sayansi, kisha vishikwambi na kompyuta nyingine za darasani zinaifikia kwa kivinjari kupitia rauta ya kawaida, hata kama rauta hiyo haijawahi kuona intaneti. Vitufe na menyu zake zinapatikana kwa Kiswahili.

Tathmini hii inamlenga mkuu wa shule, makamu wake na mwalimu wa taaluma. Programu yenyewe ni nzuri, na hilo halituchukui muda mrefu kulisema. Kinachoamua kama wanafunzi watanufaika ni mambo ambayo fundi hana mamlaka nayo: nani anachagua maudhui, kipindi kipi kinatumia vifaa, na nani anafungua ripoti kabla ya kipindi kinachofuata. Mkuu asipoyaamua hayo, vifaa vitaishia kabatini au vitageuka burudani ya Ijumaa mchana.

Tuanze na usakinishaji, kwa sababu makosa mawili ya hapo husumbua mwaka mzima. Programu ikifunguliwa mara ya kwanza inauliza kama itatumiwa na mtu mmoja au na kikundi. Chagua kikundi. Kisha inauliza aina ya kituo, yaani taasisi itakayoitumia, kama shule yenu: rasmi au kisicho rasmi. Kwenye kituo rasmi, akaunti za wanafunzi hufunguliwa na msimamizi tu; kwenye kisicho rasmi, mwanafunzi anaweza kujisajili mwenyewe. Shule ikichagua cha pili bila kujua, baada ya wiki chache orodha inajaa majina ya utani, mtoto mmoja ana akaunti tatu, na ripoti hazimwambii mwalimu chochote. Majina yaandaliwe kwenye jedwali na kuingizwa kwa faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu, darasa zima kwa mkupuo. Kwa jina la kutumia, namba ya usajili ya mwanafunzi inafaa kuliko jina lake, maana majina hufanana.

Kuhusu neno la siri, Kolibri inaruhusu wanafunzi kuingia bila hilo. Kwa watoto wadogo ruhusu, vinginevyo dakika kumi za kipindi zinaishia kwenye kuandika na kukosea. Kwa wakubwa usiruhusu, kwa sababu mmoja ataingia kwa jina la mwenzake, awe kwa mzaha au kwa makusudi, na alama zitachanganyika.

Maudhui hupangwa kwa chaneli, yaani makusanyo ya video, mazoezi na vitabu kutoka chanzo kimoja. Zipo za Khan Academy, za PhET, yaani majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye skrini, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, za hadithi za African Storybook, na nyingine nyingi. Unaweza kuziingiza kwa njia tatu: kupakua kutoka intaneti, kunakili kutoka diski ya nje, au kuchukua kutoka kompyuta nyingine yenye Kolibri kwenye mtandao uleule wa ndani. Hapa shauku huponza. Chaneli kamili ya Khan Academy ya Kiingereza inakula makumi ya gigabaiti, na mwalimu anayefungua orodha ya maelfu ya vipengele hatapata anachotafuta kipindi kikiwa kimeshaanza. Wingi huo huonekana kama utajiri, lakini kwa mwalimu ni kizuizi.

Agizo la kwanza la mkuu liende kwa idara za masomo, wala si kwa fundi. Kila idara ichukue azimio la kazi la muhula na ichague, kwa kila mada, video moja, zoezi moja au mawili, na jaribio la kuonyesha pale linapohitajika. Basi. Chaneli hizi zimepangwa kwa mfuatano wa waliozitunga, si wa muhtasari wenu, kwa hiyo mada moja ya kwenu inaweza kuwa imetawanyika katika ngazi tatu za kwao. Kazi ya kuzikusanya hufanyika kwenye Kolibri Studio, ambayo ni tovuti na inahitaji intaneti na akaunti. Idara inajenga chaneli yake, inachota vipengele kutoka chaneli nyingine, inaongeza faili zake za PDF au sauti, kisha inaichapisha na kupewa tokeni, yaani maneno mawili mafupi yenye kistari katikati, ya kuandika kwenye kompyuta ya shule wakati wa kupakua. Lalamiko la kawaida hapa ni kwamba mabadiliko hayaonekani. Karibu kila mara sababu ni moja kati ya mbili: chaneli imehaririwa bila kuchapishwa upya, au imechapishwa lakini kompyuta ya shule haijasasisha nakala yake.

Mwalimu naye ana kazi yake kabla ya kipindi. Anafungua sehemu ya mwalimu, anaunda somo, anaweka vipengele viwili au vitatu, na anachagua kama ni la darasa zima au la kikundi fulani. Halafu, na hapa ndipo wengi hukwama, analiwasha ili wanafunzi walione. Somo lisilowashwa halionekani kabisa kwa mwanafunzi, na jaribio la maswali ambalo mwalimu hajalianzisha halifunguki. Kwa hiyo kwenye andalio la somo kuwe na mstari mmoja unaosema somo la Kolibri limeundwa na limewashwa, na mwalimu wa taaluma aukague kama anavyokagua malengo na zana.

Sehemu bora ya programu hii ni ripoti, na inasikitisha kwamba ndiyo inayofunguliwa mara chache zaidi. Mwalimu anapoingia anaona nani ameanza, nani amemaliza na nani anahitaji msaada, darasa likiwa bado linaendelea. Akigusa jina la mwanafunzi anaona kila jaribio la kujibu: alikosea nini kwanza, alirekebisha nini, alifungua kidokezo wapi. Baada ya jaribio la darasa kuna orodha ya maswali yaliyowashinda wengi.

Chukua jaribio la maswali manane juu ya kujumlisha sehemu. Ripoti inaonyesha swali la nusu kuongeza theluthi limekosewa na zaidi ya nusu ya darasa. Hilo pekee halimsaidii mwalimu sana. Lakini akifungua majibu yenyewe akakuta kundi kubwa limeandika 2/5, ameshajua kinachoendelea: wanajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Wachache walioandika 5/5 wana tatizo tofauti kabisa, maana wamepata 3 na 2 sawasawa kwa kiasi, ila asili ya pamoja imewapotea wakati wa kuandika jibu. Wa kwanza warudishwe kwenye vipande vya karatasi au mchoro, waone kwamba 2/5 ni ndogo kuliko nusu waliyoanza nayo. Wa pili wanahitaji mazoezi mawili tu ya kuandika hatua zote. Kolibri inaruhusu makundi hayo mawili yaundwe ndani ya darasa na kila moja lipewe somo lake. Kitabu cha mazoezi nacho kingeonyesha makosa hayo, ila mwalimu mwenye wanafunzi wengi angeyaona siku tatu baadaye, mada ikiwa imeshapita.

Kwa sababu hiyo mkuu asiulize mmetumia vishikwambi mara ngapi. Takwimu za matumizi hupanda kirahisi: video ikichezwa hadi mwisho huhesabiwa kuwa imekamilika hata kama aliyeifungua alikuwa akichungulia dirishani, na programu huwapa wanafunzi pointi kwa kila wanachokamilisha, kwa hiyo wapo watakaokimbilia video fupi. Zoezi ni kipimo cha kuaminika zaidi, kwa kuwa linakamilika pale tu mwanafunzi anapofikia idadi iliyowekwa ya majibu sahihi, mathalani 5 mfululizo au 3 kati ya 5. Swali la mkuu kwenye kikao cha idara liwe hili: ripoti ya wiki iliyopita imekufanya ubadilishe nini kwenye kipindi cha wiki hii? Mwalimu mwenye jibu anaitumia teknolojia. Asiye na jibu asikaripiwe. Akae na mwenzake dakika ishirini wafungue ripoti pamoja.

Ili aweze kuuliza hivyo, mkuu lazima aone mwenyewe. Kolibri ina nafasi ya mwalimu wa darasa moja, ya mwalimu wa kituo kizima, ya msimamizi wa kituo na ya msimamizi mkuu. Mkuu wa shule apewe ya mwalimu wa kituo kizima: ataona madarasa yote bila hatari ya kufuta chaneli kwa bahati mbaya. Tunaisisitiza nafasi hii kwa sababu mara nyingi mkuu hapewi akaunti yoyote, akabaki kutegemea taarifa za mdomo.

Kuhusu ratiba, vipindi viwili kwa wiki kwa darasa moja vinatosha kuanzia, na somo moja tu kwa muhula wa kwanza. Katika kipindi cha dakika 40, gawanya hivi: dakika 5 za kugawa vifaa na kuingia, 10 za mwalimu kueleza bila kifaa chochote kuwashwa, 15 za zoezi, 5 za kujadili swali lililowashinda wengi, na 5 za kukusanya na kuhesabu. Wanafunzi wawili kwa kifaa kimoja wanajifunza vizuri, pengine vizuri kuliko mmoja mmoja, maana hubishana kabla ya kujibu. Ubaya ni kwamba ripoti inabeba jina la aliyeingia tu. Zoezi la kawaida wafanye wawiliwawili. Jaribio la kupima kila mtu afanye peke yake, hata ikibidi nusu ya darasa isubiri na kazi ya daftari.

Mtandao wa ndani ndio huangusha vipindi vingi. Video inayohitaji megabiti moja kwa sekunde, ikifunguliwa na wanafunzi 30 kwa pamoja, inadai megabiti 30, na rauta ya kawaida ya masafa ya 2.4 GHz itaanza kusuasua. Video ionyeshwe kwa projekta mara moja kwa darasa zima. Vishikwambi vibaki na mazoezi, ambayo ni mepesi. Kukiwa na rauta mbili katika vyumba jirani, ziwekwe kwenye mikondo tofauti ya Wi-Fi kati ya 1, 6 na 11, la sivyo zitaingiliana. Kompyuta ya Kolibri ipewe anwani ya mtandao (IP) isiyobadilika ndani ya rauta. Ikiachwa ipangiwe anwani mpya, viungo vyote vya Kolibri vilivyohifadhiwa kwenye vivinjari vinakufa asubuhi moja na walimu watasema programu imeharibika.

Mengine ni madogo lakini yanauma. Kompyuta mpakato iliyobeba Kolibri kwa ajili ya darasa ikifunikwa hulala, na darasa zima linakatika. Zima mpangilio huo. Kwenye Windows, ukuta wa usalama (firewall) ukiuliza kama Kolibri iruhusiwe kwenye mtandao wa ndani, jibu ndiyo, vinginevyo itafunguka kwenye kompyuta hiyo peke yake. Wanaotumia Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, wajue kwamba Pi 4 na zilizotangulia hazina saa inayoendelea kutembea umeme ukizimwa, kwa hiyo bila intaneti tarehe za ripoti zinaweza kupotoka. Moduli ndogo ya saa yenye betri inamaliza tatizo. Umeme ukikatika ghafla, kadi ya kumbukumbu ya Pi inaweza kuharibika, basi iwe na betri ya akiba na izimwe kwa utaratibu. Vishikwambi 20 vikichajiwa pamoja kwa wati 10 kila kimoja vinahitaji wati 200 kwa saa kadhaa, hivyo mkuu aamue vinachajiwa lini na nani ana ufunguo.

Nani asiichukue? Shule yenye intaneti ya uhakika na walimu waliokwisha kuzoea mfumo mwingine wa mtandaoni haina sababu ya kuhama. Nyingine ni ile inayotaka mfumo wa matokeo, ada na mahudhurio; Kolibri haifanyi hayo. Pia si mahali pazuri pa kukusanya insha na kuzisahihisha, kwa sababu nguvu yake iko kwenye maswali yenye jibu la kukagulika. Vivinjari vya zamani kwenye vishikwambi chakavu hushindwa kuendesha baadhi ya majaribio ya PhET, kwa hiyo kila jaribio lijaribiwe kwenye kifaa kibovu kuliko vyote kabla ya kuingizwa kwenye azimio la kazi. Kwa shule nyingine zote, hasa zenye madarasa makubwa na intaneti ya kubahatisha, tunaipendekeza bila kusita.

Kabla ya kuanza, wateuliwe wasimamizi wakuu wawili, kamwe si mmoja. Msimamizi mkuu akisahau neno lake la siri au akihama shule, kulibadilisha kunahitaji kuandika amri kwenye kompyuta yenyewe, na si kila shule ina wa kufanya hivyo. Mwisho wa kila mwezi mmoja wao atoe kumbukumbu za matumizi kwa faili la CSV, aziweke kwenye diski iliyo nje ya chumba cha kompyuta, na mwingine athibitishe kwamba faili linafunguka.